Mwenye Wimbo wa Nyangumi wa Povu

Húsdalur, 12 Januari 1984

Sunnleyg mwanangu,

Barua yako imefika na boti ya jana, pembe moja imelowa lakini maneno yote yapo. Mimi mzima, kaka yangu baba yako mzima, kondoo wazima, mvua inanyesha kwa ubavu. Salamu zimeisha, sasa tuongee.

Kwanza, usinipigie simu tena kwa jambo la maana. Laini ni moja kijiji kizima: ukinipigia, mke wa mwenye duka anainua ya kwake, mke wa kasisi naye anainua ya kwake. Najua wanainua, kwa sababu wakipigiwa wao, mimi nainua ya kwangu. Andika tu.

Unaniuliza nani alitunga wimbo wa Nyangumi wa Povu, eti unauandikia kazi yako kubwa ya mwaka wa mwisho. Weee! Yaani shule kubwa ya Tórshavn inakaa kitako kuusoma wimbo wetu wa kumcheka Hanus? Nilicheka mpaka baba yako akaja jikoni kuona kama nimeungua.

Basi mwalimu wako atataka kisa, mpe hiki. Januari mwaka 1951 Hanus wa Nyumba ya Juu yuko mlimani na kondoo. Anaona weusi unaruka-ruka baharini. Anavua sweta, anaipunga, anapiga ukelele wa "Nyangumi!" watu waje kuwinda. Kijiji kizima kinaacha vyungu motoni, kinaingia mashuani, wanavuta makasia saa nzima. Kufika, mwamba. Mwamba na povu! Hanus kwa aibu akajificha kwenye kibanda cha kukaushia nyama, akavua kofia, akayahutubia mapaja ya kondoo yaliyoning'inia mle, akiyaomba radhi kana kwamba ndiyo wanakijiji. Na mapaja yakamsikiliza kwa adabu kuliko sisi. Kisa hicho kikatungiwa beti arobaini na nne. Wiki chache baadaye, kwenye ngoma ya kabla ya Kwaresima, zikaimbwa, na Hanus mwenyewe katikati ya duara ameshikwa mikono na wanaume wawili asikimbie, kama ilivyo desturi.

Aliyetunga ni marehemu Mwalimu Dánjal. Kila mtu anajua. Nani mwingine angeweza? Andika Dánjal, weka nukta, kalale.

Na usiende kumuuliza Hanus. Ana miaka sitini na nane, hajakanyaga ngomani tangu siku ile. Wala kaka yake Petur usimuulize. Nyumba za hao wawili zinatazamana mlango kwa mlango, na hawasemezani, kisa kipande cha shamba la nyasi. Hilo nalo kila mtu analijua.

Nimekufungia paja dogo la kondoo mkavu na jamu. Kula, usigawe darasa zima.

Shangazi yako,
Oddvør


Tórshavn, 20 Januari 1984

Shangazi yangu,

Nyama imefika, na ndiyo, nimegawa. Chumba kizima kilinusa, ningefanyaje?

Asante kwa kisa. Nimeandika Dánjal, na sasa jina lake limekaa kwenye orodha ya marejeo. Acha nikueleze hiyo orodha, maana mimi mwenyewe nilidhani ni urembo tu wa kujaza ukurasa wa mwisho.

Mwalimu wetu Ragnhild aliingia darasani, akasoma sentensi moja kwenye kazi ya mwenzangu, akauliza: "Ya nani hii?" Mwenzangu akasema ni yake. Ragnhild akafungua kitabu cha zamani, ukurasa aliokuwa ameuwekea kidole, akaisoma tena neno kwa neno. Hakumgombeza. Alisema hivi, nimeiandika ndani ya jalada la daftari langu: "Ukichukua neno la mtu bila kumtaja, umemwibia. Ukimbandikia mtu neno lisilo lake, umewakosea wawili: mwenyewe umemnyima, na mwingine umembebesha."

Kwa hiyo kila kitu nilichosoma kinaingia mwishoni. Jina la mtu, mwaka, jina la kitabu, mji kilikochapwa. Mtu akikusimulia kwa mdomo, unaandika jina lake, mwaka aliozaliwa, anakoishi, na tarehe aliyokuambia. Yanapangwa kwa herufi ya ukoo. Hapo tukacheka, maana darasani tuko kina Joensen tisa, na nchi nzima sijui wangapi. Ragnhild amekubali tutumie majina ya nyumba, kama mnavyoitana huko. Nawe umo, shangazi. Umekaa katikati ya profesa wa Copenhagen na kitabu cha sheria za kondoo:

Króki, Oddvør wa. Alizaliwa 1934, Húsdalur. Barua kwa mwandishi, 12 Januari 1984.

Sunnleyg


Húsdalur, 27 Januari 1984

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu kwa sauti, baba yako akaacha kutafuna.

Mimi? Na profesa? Shule niliacha na miaka kumi na miwili nikaenda kutia samaki chumvi, na mpaka leo naandika kwa kufuata sauti, wewe mwenyewe unaona. Halafu jina langu linakaa kwenye orodha, mtu akiwa Copenhagen huko akitaka kujua nani kasema, anashuka na kidole, profesa, Oddvør, kondoo. Nilikwenda kusimama dirishani kidogo. Sikuwa natazama kitu. Nilisimama tu.

Sasa sikia kilichotokea. Jana kiwandani, mezani pa samaki, mwenzangu Billa akaanza: "Wanasema binti wa mwenye duka anaposwa na baharia wa Klaksvík."

Nikamkatiza. "Wanasema akina nani? Mwaka gani? Mji gani?"

"Mbona unanihoji kama polisi? Nimesikia kwako."

"Kwangu lini?"

"Jumanne, ukisafisha kisu."

Ni kweli nilisema! Lakini mimi niliambiwa na mke wa kasisi. Tukamwita mke wa kasisi, alikuwa anapita na ndoo. Yeye aliambiwa na nani? Na Billa! Na Billa Jumapili alikuwa amesema tu kwamba yule binti kanunua utepe. Utepe, Sunnleyg! Ile habari imetoka kwa Billa ikiwa utepe, imezunguka meza, imerudi kwake na baharia ndani yake. Tulicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini. Lakini usiku nikilala nikawaza: maneno mangapi nimeyasukuma hivi maisha yangu yote, na sijawahi kuyaangalia miguu, yametoka wapi?

Hebu niambie. Hiyo orodha, kuna mtu anaikagua kweli, au inakaa tu kama picha ya malkia ukutani? Nauliza tu.

Shangazi


Tórshavn, 6 Februari 1984

Shangazi,

Inakaguliwa.

Ragnhild alikwenda maktaba ya taifa. Anakwenda kwa kila mwanafunzi, anachagua majina matatu na kuyafuata. La kwangu moja lilikuwa Dánjal. Maktaba inazo barua zake zote, watoto wake walizitoa. Dánjal alikuwa Denmark, hospitali ya kifua kikuu, tangu vuli 1950 mpaka majira ya joto 1951. Na Aprili 1951, akiwa bado kitandani, alimwandikia dada yake. Nimeishika barua yenyewe, shangazi, kwa mikono yangu, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Nimenakili:

"Umeniletea ule wimbo wa Hanus na nyangumi, nimeusoma kwa sauti mpaka wagonjwa wa kulia na kushoto wakainuka wakakaa. Nani huyo? Kijijini kwetu kuna mtu kama huyo na mimi nimefundisha pale miaka ishirini bila kumwona? Mwambie, ukimjua, kwamba Dánjal amevua kofia akiwa kitandani. Mimi nisingeiweza beti ya thelathini na moja."

Umeona? Si yeye. Na hakumjua.

Ragnhild alinikalisha. Alisema, "Sunnleyg, ama umelitunga hili, ama umeambiwa uongo." Nikasema nimeambiwa na shangazi yangu. Akasema, "Basi mrudie shangazi yako." Kazi yangu haitapelekwa kwa mtahini ikiwa na jina la uongo ndani yake. Mwisho ni tarehe mosi Machi. Isipopelekwa, cheti sipati mwaka huu, na ile nafasi ya chuo cha ualimu ndiyo basi.

Sikukasirikii. Lakini nahitaji kujua: wewe ulisikia kwa nani kwamba ni Dánjal?

Sunnleyg


Húsdalur, 10 Februari 1984

Mwanangu,

Samahani kwa mwandiko, meza inatikisika. Tuna upepo wa magharibi, boti ya Alhamisi haikuja. Kondoo wa Petur ameruka ukuta akaingia kwa Hanus, na Hanus amemrudisha kwa kumsukuma na fagio bila kufungua mdomo, unaweza kuamini? Mke wa kasisi amepaka mlango rangi ya kijani. Billa ana jino.

Nilisikia kwa nani? Mtoto, ni miaka thelathini na tatu. Ilikuwa inasemwa tu. Mmoja alisema, mwingine akakubali, ikawa hivyo. Kwani hakuna neno kwenye hiyo orodha yenu la kusema mtunzi hajulikani? Weka hilo. Nyimbo nyingi hazina mwenyewe, zinaota kama nyasi kwenye paa.

Ile barua ya Dánjal. Ni kweli aliandika hivyo? Alivua kofia? Beti ya thelathini na moja, aliitaja kwa namba? Unaweza kuninakilia tena, yote, polepole, nataka nimsomee baba yako.

Shangazi


Tórshavn, 15 Februari 1984

Shangazi,

Nimekunakilia, iko nyuma ya karatasi hii.

"Mtunzi hajulikani" linaruhusiwa. Ragnhild anasema ni maneno mazito kuliko jina lolote, kwa sababu ukiyaandika unaapa kwamba umemuuliza kila mtu aliye hai anayeweza kujua. Wewe nimekuuliza. Wamebaki Hanus na Petur. Sitaki, lakini nimeshamwandikia Hanus barua. Nitaiweka kwenye boti ya tarehe ishirini na mbili. Nimemuuliza kwa heshima kama anajua nani alimtungia.

Sunnleyg


Húsdalur, 18 Februari 1984

Sunnleyg,

Usimwandikie Hanus. Hiyo barua ichane, uitie motoni.

Ni mimi.

Nimeandika hilo neno, nikaweka kalamu chini, nikaenda kulisha kuku, nimerudi na bado limeandikwa. Basi niendelee.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku ile ya mwamba mama alinituma kibandani kwetu kukata kipande cha nyama. Kibanda chetu na cha kina Hanus vilikuwa bega kwa bega, na unajua kuta za vibanda, mbao zimeachiwa nafasi upepo upite. Upepo ukipita na maneno yanapita. Nikasikia mtu anasema, "Wanakijiji wenzangu, nilikosea." Nikachungulia. Hanus, kofia mkononi, mbele ya nyama. Alirudia mara nne, kila mara akibadilisha neno moja ili lipendeze. Mwanangu, niliuma kiganja nisicheke.

Nikatoka pale nikiwa nimejaa. Sijui nikueleze vipi. Kesho yake natia samaki chumvi, mkono unashika, unageuza, unarusha, na kila samaki akaja na mstari. Sikuyatafuta maneno. Yalikuwa yanafika, kama yamekuwa njiani muda mrefu na sasa ndiyo yameniona mlangoni. Siku tatu, beti arobaini na nne. Niliogopa. Niliangalia mikono yangu ilikuwa ileile, imepasuka kwa chumvi.

Nikaziandika kwenye karatasi ya mfuko wa chumvi, nikaisukuma chini ya mlango wa mwimbishaji. Jina sikuweka. Nani angeimba wimbo wa msichana wa samaki? Mwimbishaji akasoma, akasema kwa sauti kubwa, "Huyu ni Dánjal, ametuma kutoka Denmark." Watu wote wakasema ndiyo, Dánjal. Nami nikasema ndiyo, Dánjal. Kwa hiyo ukiuliza nilisikia kwa nani, jibu ni hilo, na mimi mwenyewe nimelisema kwa sauti kuliko wote.

Na siku ya ngoma! Ukumbi mzima, mikono imeshikana, miguu inapiga sakafu, taa zinaruka, na kinywani mwa watu mia kuna maneno yangu. Wazee. Kasisi wa wakati ule. Mama yangu anaimba, hajui. Nilikuwa kwenye duara naimba nao, na nilihisi kama nyumba inapumua na pumzi ni mimi. Sijawahi tena kuhisi kitu kama hicho, si nilipoolewa, si kwenye mazishi ya marehemu mume wangu, Mungu anisamehe. Sikutunga tena. Niliogopa kujaribu na nisikute mtu mlangoni.

Kumuona Hanus katikati, sikumuona. Ndiyo aibu yangu. Nilikuwa nasikiliza beti.

Sasa unataka jina na jina lipo. Lakini usilitie kwenye orodha bado. Yeye anaishi hatua mia kutoka kwangu, haiwezekani wa Copenhagen wasome kwanza ndipo yeye asikie kwangu. Nitakwenda. Nipe siku chache, miguu haitaki.

Shangazi yako


Tórshavn, 22 Februari 1984

Shangazi yangu,

Barua ya Hanus nimeichana.

Nilisoma yako kwenye ngazi za maktaba, nikakaa palepale kwenye jiwe baridi, watu wananiruka. Nimecheza huo wimbo tangu nina miaka mitatu nimesimama juu ya viatu vyako. Ulikuwa umenishika mkono unaniimbia, na hukusema.

Nilimpa Ragnhild aisome. Nisamehe, ilibidi. Alisoma amesimama, akavuta kiti. Aliuliza, "Aliacha shule na miaka mingapi?" Nikasema kumi na miwili. Akachukua ile nakala ya barua ya Dánjal akaiweka juu ya yako, akasema, "Alimuuliza dada yake nani huyo, na jibu limechukua miaka thelathini na tatu kufika." Alikuwa na machozi, na huyu si mtu wa machozi, ni mtu wa kalamu nyekundu.

Ila amesema kama ulivyosema. Hanus yu hai. Bila kauli yake jina lako haliingii, na bila jina kazi haiendi kwa mtahini. Boti ya mwisho inayowahi ni ya tarehe ishirini na nane.

Nakushika mkono.
Sunnleyg


Húsdalur, 28 Februari 1984, asubuhi, boti inaonekana

Sunnleyg mwanangu,

Naandika haraka, baba yako amesimama mlangoni na koti tayari.

Nilikwenda jana. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Hanus, nimekuja na neno moja."

"Wewe? Moja? Basi unaumwa."

"Ule wimbo ni wangu."

"Wimbo gani?"

"Unaujua."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Akasema, "Watu wanasema wa Dánjal."

"Watu wanasema kwa sababu mimi nilisema. Wewe ulidhani wa nani?"

Alitazama dirishani, na dirishani kwake kuna nini? Mlango wa Petur, basi.

Sunnleyg, mimi ni mtu ninayejua mpaka nani kapika nini. Nimewaambia watu miaka thelathini na tatu kwamba ugomvi wa wale wawili ni shamba la nyasi. Nilihisi kiti kinashuka chini yangu.

Nikasema, "Si kwa ajili ya shamba?"

"Shamba lipi? Alinikuta mle kibandani yeye peke yake. Alifungua mlango, akaniona, akafunga. Mtu mwingine hakuwepo. Halafu beti zinaimbwa, kila neno nililosema mle ndani limo. Ungedhani nani?"

"Nilikuwa kibanda cha pili."

"Wewe?"

"Nakata nyama, mama kanituma."

Akaweka kiazi chini. Taratibu, kama yai. "Na ngomani alinishika mkono wa kushoto yeye mwenyewe. Nikasema, ona, ametunga, na sasa ananishikilia nisikilize."

Hapo nikasimama, maana hapo nilikuwa najua kitu, na safari hii ninajua nimekijua wapi. Nikamwambia, "Hanus, sikia, na hii si ya wanasema. Nimesikia kwa masikio haya, mlangoni pa ukumbi, Jumatatu tarehe tano Februari 1951, natundika shali. Wale vijana wawili wa bondeni walitaka kukuburuta. Petur akawasukuma. Akasema, 'Mmoja atoke. Upande mmoja nitamshika mimi, nyie mtamvunja.' Alikushika usianguke, Hanus."

Alikaa.

Mwisho akasema, "Mke wake alipozikwa nilisimama nje ya ukuta. Watoto wake wanne sijawahi kuwashika."

Mwanangu, ndipo nilipoona urefu wa kitu nilichokifanya. Kama ukipanda mlima penye ukungu, unajua tu hatua moja mbele yako, halafu ukungu unaondoka ghafla na unaona umesimama wapi, na bahari iko chini kiasi gani. Nilishika meza.

Nikasema, "Nichukie. Nimekuja kwa hilo."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niingie. Alisema, na naliandika kama lilivyotoka: "Ungeliweka jina lako chini ya ile karatasi, Oddvør, ningekuchukia wewe, na kufikia majira ya kukata nyasi ningekuwa nimekusamehe."

Basi. Alisema hivyo tu. Halafu akasema wimbo wenyewe ni mzuri. Kwamba beti ya thelathini na moja huwa anaiimba akiwa juu peke yake na kondoo, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliona povu kama yeye alivyoliona siku ile, isipokuwa huyo aliyetunga, na amekuwa akimchukia na kumshukuru kwa wakati mmoja. Nililia kama mtoto. Alinipa kitambaa cha vyombo.

Nikauliza, "Msichana aliandike jina langu kule shuleni?"

"Aliandike. Na la Dánjal alifute, maskini, amebeba vya kutosha."

Akavaa kofia. Hakunawa mikono, ina maji ya viazi. Akatoka, nami nyuma yake mpaka langoni. Akavuka njia, hatua kumi, akafika mlangoni kwa Petur, akabisha.

Sunnleyg, hapa kijijini nani anabisha mlango? Kasisi mgeni na mtu wa kodi. Sisi tunaingia tu. Petur akapiga kelele kutoka ndani, sauti ya wasiwasi, "Nani huyo?"

"Hanus."

Nikasikia kiti. Nikasikia miguu inakuja, polepole, ana goti baya. Mlango ukafunguka kidogo, nikaona nusu ya uso wa Petur, na hiyo nusu ikasema:

"Tangu lini wewe unabisha?"

Hanus akaingia. Mlango ukafungwa. Nilisimama pale na mvua, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusogea karibu na ukuta nisikilize. Walichosema ndani sikijui, na hakuna mtu wa kumtaja.

Boti imefunga kamba, baba yako anapiga kelele. Andika jina langu.

Oddvør wa Króki, aliyezaliwa 1934, Húsdalur